Dume Bila Pembe: Karatasi Iko Wapi?

LUBUMBASHI, Haut-Katanga — Mtu anayeleta sokoni dume asiye na pembe, na kuapa kwamba ndama wake wote watazaliwa bila pembe, anapaswa kuonyesha karatasi ya kipimo cha jeni. Kama hana karatasi hiyo, anauza maneno matupu. Na katika mji huu, ambamo familia nyingi zimefika mikono mitupu na zinaanza maisha upya kwa mnyama mmoja ao wawili, maneno matupu yanaweza kumaliza mali yote ya nyumba.

Kwa wengine jambo hili litaonekana dogo. Watu wanatafuta unga wa bukari, wanatafuta maji, wanatafuta feza ya masomo ya watoto. Nani ana wakati wa kuulizana juu ya pembe? Lakini waulizeni wanaofuga ng'ombe pembeni ya mji, upande wa komine Annexe, kwenye barabara ya Kipushi ao ya Kasenga. Huko zizi ni dogo, mara nyingine ni kona ya parseli tu. Mama anakamua, mtoto anapeleka maji, jirani anapita. Ng'ombe wawili wakigombania majani, pembe moja inatosha kumwumiza mwenzake mwenye mimba ao kutoboa jicho la mtoto. Na ng'ombe wanaopakiwa katika magari kutoka Kasumbalesa, mwendo wa karibu kilomita 90 mpaka Lubumbashi, wakiwa na pembe wanachomana njiani. Nyama iliyovilia damu inapoteza bei, na hasara inarudi kwa mwenye mnyama.

Ndiyo maana ng'ombe asiye na pembe anapendwa. Hapo hakuna kosa. Kosa linaanza pale ambapo watu wanauziwa kitu ambacho jicho haliwezi kukihakikisha.

Wanaoumia zaidi

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua vizuri maana ya kupokea watu waliokimbia. Walipokea watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, sehemu ambazo zilikuja kuitwa pembetatu ya kifo. Tarehe 23 Machi 2013 vita hivyo vilifika mpaka katikati ya mji, wakati wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia Lubumbashi. Na tangu mapigano ya mwaka 2025, Goma ilipoanguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, familia za Kivu zimetawanyika kila upande wa inchi na hata nje ya mipaka.

Kwa watu waliotoka Masisi ao kwenye milima ya Kivu ya Kusini, ng'ombe ni benki, ni mahari, ni maziwa ya mtoto na ni feza ya hospitali. Mtu wa namna hiyo akipoteza ng'ombe wake amepoteza vyote hivyo kwa siku moja. Akifaulu kuweka pamoja dola za kununua mtamba, ao kuchanga na wenzake watano ili wanunue dume mmoja wa wote, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Mfugaji tajiri akidanganywa atauza dume huyo na kununua mwingine. Familia iliyokimbia ikidanganywa, imerudi nyuma miaka mitatu.

Madume watatu, sura moja

Mambo yenyewe si magumu. Ndama hupata jeni mbili za pembe, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wataalamu huandika P kubwa kwa jeni ya kukosa pembe, na p ndogo kwa jeni ya pembe. P kubwa ina nguvu juu ya p ndogo. Ndama akipata P kubwa hata moja tu, hataota pembe za kweli.

Sasa waweke madume watatu mbele ya mnunuzi, wote vichwa vitupu. Wa kwanza ana P mbili. Huyu akipanda ng'ombe kumi wenye pembe, ndama wote kumi watazaliwa bila pembe. Wa pili ana P moja na p moja. Huyu akipanda ng'ombe wale wale, kila ndama ana bahati nusu kwa nusu, na mwenye zizi angojee pembe kwa ndama karibu watano. Wa tatu hana P hata moja. Alizaliwa na pembe kama ng'ombe wengine, lakini akiwa mdogo mtu alichoma chipukizi zake kwa chuma cha moto. Huyu akipanda ng'ombe kumi wenye pembe, ndama wote kumi wataota pembe.

Kwa macho ya mnunuzi wa kawaida, watatu hao ni sawa. Mganga wa wanyama mwenye mazoea anaweza kupapasa utosi: ng'ombe aliyezaliwa bila pembe mara nyingi utosi wake umechongoka, na yule aliyechomwa ana kovu na utosi ulio bapa zaidi. Kwa hiyo yule wa tatu anaweza kukamatwa kwa mkono. Lakini wa kwanza na wa pili hakuna mkono wala jicho litakalowatenganisha. Ni kipimo cha jeni peke yake, ao ndama wenyewe.

Kungojea ndama ndiyo njia ya zamani. Mwaka 1901, katika jimbo la Iowa huko Marekani, mfugaji mmoja alikusanya ng'ombe wachache wa aina ya Hereford waliozaliwa bila pembe, akaanza kuwazalisha. Wakati huo hakukuwa na maabara ya jeni. Mtu alimpandisha dume wake kwa ng'ombe wenye pembe na kuhesabu. Ndama mmoja akitoka na pembe, jibu limepatikana: dume ana p moja. Lakini ndama kumi wakitoka wote bila pembe, jambo bado halijathibitishwa kabisa, kwa sababu dume mwenye p moja naye ana nafasi moja kati ya 1,024 ya kupata ndama kumi kama hao kwa bahati tu.

Mfugaji wa shamba kubwa anaweza kungojea ndama kumi. Mama mwenye ng'ombe mmoja atawangojea kwa miaka mingapi? Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Ongeza wiki kadhaa mpaka chipukizi za pembe zionekane vizuri. Karibu mwaka mzima unapita kabla hajajua kama aliuziwa ukweli ao uongo, na wakati huo muuzaji haonekani tena sokoni.

Nywele chache ndani ya bahasha

Leo hakuna sababu ya kungojea hivyo. Mwaka 1993 watafiti walitambua kwamba jeni hiyo inakaa kwenye kromosomu ya kwanza ya ng'ombe. Mwaka 2012 wakatambua badiliko lenyewe linalowaondolea pembe ng'ombe wengi wa Ulaya. Tangu hapo kipimo kimekuwa kazi ya kawaida. Mtu anang'oa nywele ishirini ao thelathini kwenye ncha ya mkia, pamoja na mizizi yake, anazitia katika bahasha ya karatasi, anaandika jina ao namba ya mnyama, na kuituma. Mnyama hachomwi sindano. Nywele hazihitaji barafu. Katika maabara za Ulaya na Marekani bei ya kipimo hicho haifiki dola 100, na kwa dume mmoja kinafanywa mara moja tu katika maisha yake.

Linganisha feza hiyo na bei ya dume. Muuzaji anayedai bei ya juu kwa sababu dume wake hana pembe, halafu anasema kipimo ni ghali, anataka faida ya jeni bila kulipia uthibitisho wake. Mzigo huo ni wake, haupaswi kuwekwa kichwani mwa mnunuzi.

Lakini ukweli usemwe wote. Kipimo kinaona kile tu kilichofundishwa kutafuta. Mabadiliko yanayojulikana zaidi ni manne: lile la Kelti, linalopatikana kwa Angus na ng'ombe wengi wa nyama wa Ulaya, lile la Friesian, kwa ng'ombe wa maziwa, lile la Mongolia, na lile la Guarani, lililotambuliwa kwa ng'ombe wa Nellore huko Brazil. Ng'ombe wa huku kwetu aliyekosa pembe kwa njia nyingine anaweza kupewa jibu la kwamba hana kitu, huku kichwa chake ni kitupu mbele ya watu wote. Kwa hiyo karatasi lazima iseme ni mabadiliko gani yaliyotafutwa. Karatasi isiyosema hivyo ni nusu karatasi.

Kuna na vipembe vidogo vinavyocheza chini ya ngozi, visivyoshikana na mfupa wa kichwa. Ndama mwenye P anaweza kuviota. Mnunuzi akiviona anaweza kufikiri ameibiwa, na muuzaji mwaminifu akaitwa mwizi. Karatasi ya kipimo inamlinda muuzaji huyo pia.

Wanaosema: chomeni tu

Wako wanaojibu kwamba chuma cha moto kinatosha. Chuma kinachoma pembe za ndama mmoja. Mwaka ujao ndama mwingine anazaliwa na pembe zake, na kazi inaanza upya. Tena kazi hiyo ina wakati wake. Kabla ya miezi miwili hivi, chipukizi ya pembe bado haijashikana na fuvu. Baada ya hapo pembe inaungana na mfupa, na kuikata kunafungua shimo linaloingia ndani ya kichwa. Inzi wanaweka mayai, usaha unaanza, pepopunda inaweza kufuata. Dawa ya ganzi ipo, lakini mara ngapi mfugaji wa pembeni ya mji anaipata? Mara nyingi ndama anafungwa kamba, watu wanne wanamkalia, na chuma kinawekwa juu ya ngozi.

Anayesema kuchoma ni rahisi, mara nyingi si yeye anayeshika ndama.

Wanaosema: hayo ni ya wazungu

Wengine wanacheka wakisikia neno jeni. Wanasema inchi ambayo haina barabara haiwezi kuzungumza juu ya kromosomu. Maneno hayo yamezoeleka, lakini si ya kweli. Kongo hii hii, kupitia INRB ya Kinshasa, ilisoma jeni za virusi vya Ebola wakati wa mlipuko wa mwaka 2018 mpaka 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mashine za GeneXpert, zinazopima kifua kikuu katika vituo vya afya vya inchi yetu, zinafanya kazi kwa njia ya PCR, na kipimo cha pembe kinaweza kufanywa kwa njia hiyo. Lubumbashi ina kitivo cha mafunzo ya uganga wa wanyama ndani ya chuo kikuu chake, UNILU. Watu wanaoweza kung'oa nywele ishirini, kuziandika namba na kueleza jibu kwa Kiswahili wapo.

Na wale wanaoona jambo hili ni la kigeni wakumbuke historia ya ng'ombe wa Katanga. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 kutoka upande wa Rhodesia, na mji wa migodi ulihitaji nyama. Makampuni kama Elakat na Grelka yalileta ng'ombe, yakachagua aina, yakachagua madume, yakachagua nani atakula nini. Raia hakuulizwa. Leo tena sehemu kubwa ya nyama inapitia Kasumbalesa, na waagizaji ndio wanaochagua. Mfugaji mdogo akikataa elimu ya jeni kwa kisingizio kwamba ni ya wengine, anawaachia hao wengine waendelee kumchagulia.

Kupima si kugeuza

Kuna hofu nyingine inayotembea mitaani: kwamba kipimo cha jeni ni kugeuza mnyama, na kwamba nyama yake itakuwa mbaya. Mambo hayo mawili ni mbali sana. Kupima ni kusoma kilichomo, kama mtu anavyosoma kitambulisho. Hakimwongezei ng'ombe kitu wala hakimpunguzii.

Kugeuza kumejaribiwa mahali pengine. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani iitwayo Recombinetics ilizalisha madume wawili wa maziwa ambao jeni yao ya pembe ilihaririwa katika maabara. Walisifiwa sana. Mwaka 2019 wataalamu wa serikali ya Marekani walichunguza upya jeni za dume mmoja, wakakuta kipande cha DNA ya bakteria kilichobaki ndani, bila waliofanya kazi hiyo kukitambua mwanzoni. Funzo la kisa hicho linawahusu wauzaji wote: hata mwenye maabara kubwa asiaminiwe kwa neno lake peke yake. Kama kampuni ya Marekani ilihitaji kuchunguzwa na mtu mwingine, muuzaji wa pembeni ya Lubumbashi naye achunguzwe.

Wanaopenda pembe

Kuna watu ambao hawataki kusikia habari za kuondoa pembe, nao wana haki yao. Kwa wafugaji wa Ankole, pembe ndefu ni uzuri wa ng'ombe na heshima ya mwenye kundi. Hata hivyo, katika makundi hayo hayo ng'ombe wasio na pembe walijulikana tangu zamani. Wanyarwanda humwita inkungu, na Wanyankole wa Uganda enkungu. Jina hilo linaonyesha kwamba kukosa pembe hakukuja na wazungu.

Anayetaka kulinda pembe za kundi lake asiogope kipimo. P kubwa haijifichi, na mnyama aliye nayo ataonekana kwa kichwa chake. Lakini dume aliyechomwa pembe akiwa ndama anaweza kuwa wa ukoo mzuri wa pembe ndefu, na kipimo kitasaidia kuonyesha kwamba hana P. Kinachokataliwa hapa ni kumlazimisha mtu. Shirika linalogawa ng'ombe kwa familia zilizokimbia lisiamue ofisini kwamba pembe ziondoke, kisha lilete madume bila kuuliza. Familia ndiyo itakayoishi na mnyama huyo. Ielezwe, ionyeshwe karatasi, halafu ichague.

Pembe haziji mbele ya afya

Na mtu asidanganywe upande wa pili pia. Kichwa kitupu hakileti maziwa. Angus aliyezaliwa bila pembe, akiletwa Katanga bila maandalizi, atakutana na kupe, ndigana kali, joto na majani makavu ya mwezi wa tisa. Anaweza kufa akiwa na P mbili. Tena katika ng'ombe wa maziwa wa Ulaya na Marekani, madume wasio na pembe walitoka kwa muda mrefu katika koo chache. Anayewafuata bila kuangalia ukoo anaweza kumzalisha ndugu na ndugu, na udhaifu wa namna hiyo unaonekana polepole, wakati mwenye kundi amekwisha kusahau alikoununua.

Kwa hiyo dume achaguliwe kwanza kwa afya, kwa kuvumilia magonjwa ya huku, kwa maziwa ya mama yake. Pembe zije baada ya hayo. Lakini pale muuzaji mwenyewe anapozitaja ili kupandisha bei, hapo ametoa ahadi, na ahadi inayolipiwa inadaiwa.

Yanayopaswa kufanywa

Huduma ya karantini, SQAV, inalinda mipaka dhidi ya magonjwa. Cheti chake ni cha lazima, lakini hakisemi kitu juu ya jeni. Utawala wa jimbo, kupitia ukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji, unaweza kuweka sharti moja jepesi: dume ao mbegu ya dume inayouzwa Haut-Katanga kwa jina la "bila pembe" iwe na karatasi inayoonyesha namba ya mnyama, mabadiliko yaliyotafutwa na jibu: P mbili, P moja, ao hakuna. Mwenye kukosa karatasi auze dume wake kama dume wa kawaida, kwa bei ya dume wa kawaida.

UNILU inaweza kupokea bahasha za nywele kutoka kwa vyama vya wafugaji, kuzikusanya na kuzituma pamoja ili gharama ipungue, mpaka siku kazi yote ifanyike hapa hapa. Mashirika ya misaada yanayonunua madume kwa ajili ya waliokimbia yaandike kipimo hicho katika mikataba yao na wauzaji. Rwanda, tangu mwaka 2006, inagawa ng'ombe kwa familia maskini katika mpango wa Girinka, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Mpango wa namna hiyo unaeneza wema wa mnyama kutoka nyumba hadi nyumba. Unaweza kueneza na kosa lake vilevile.

Na kabla serikali haijaamka, vyama vya wafugaji na familia zinazochanga feza kununua dume mmoja zina nguvu moja mikononi mwazo. Siku ya kununua, mmoja wao apapase utosi wa dume akitafuta kovu. Mwingine aulize karatasi iko wapi. Kama muuzaji anacheka ao anaapa kwa jina la mama yake, nywele zing'olewe mbele yake, zitiwe katika bahasha, na nusu ya bei ibaki kwa mtu anayeaminiwa na pande zote mbili mpaka jibu lirudi. Muuzaji anayemjua dume wake hatakataa.